Galoni Sita

Daftari la mafuta niliandika mimi.
Kwa penseli, maana wino uliganda
katika lile banda la bati la Saltreeve, huko Kent,
ambako ukungu hupanda kutoka mabwawani
na kondoo hukohoa gizani kama watu.

Vita vimeisha mwaka wa tano huo
na sukari bado kwa kuponi,
yai moja kwa wiki, ukibahatika,
na marubani tuliowarushia maua barabarani
wanauza brashi mlango kwa mlango.
Si Aubrey Tennant. Yeye aliruka bado:
Lille, Jumanne na Ijumaa,
akienda na vifaranga, akirudi na maua.
Ndivyo karatasi zilivyosema,
na karatasi haioni haya.

Nilikuwa fundi wake, Enid Wragg,
grisi hadi viwikoni, pauni nne kwa wiki.
Siku nilipolimwaga tangi la kushoto nilisafishe
nikakuta haliendi chini kama linavyopaswa.
La galoni ishirini na tano.
Likashiba kwa kumi na tisa.
Mara ya kwanza nikadhani kijiti cha kupimia kimekosea.
Mara ya pili nikadhani ni mimi.
Mara ya tatu sikudhani tena,
nikaandika: 19.

Usiku ule, injini zimepoa,
nikaweka sikio kwenye bawa.
Ndege ilikuwa inahesabu.
Tik, tik, si moja, ni mamia,
kila moja na mwendo wake,
mchwa ndani ya boriti.
Saa za Uswisi, zimezibwa kwa nta,
zinazojitia ufunguo zenyewe zikitikiswa;
na Aubrey alitua vibaya siku hiyo,
akaziamsha zote.

Sikumuuliza. Naye hakusema.
Ila asubuhi nilikuta moja ndani ya buti langu,
ya dhahabu, imeviringishwa katika soksi.

Mtaniambia ningesema.
Mdogo wangu Clifford alikaa na bunduki ya nyuma
katika ndege ya Aubrey, ile iliyoangukia shamba la viazi
ikiwaka. Aubrey alikwisha kutoka. Akarudi.
Akamtoa. Alikuwa amekwisha kufa,
lakini akamtoa.
Ngozi ya mikono yake inang'aa tangu hapo
kama karatasi ya sigara.

Siku za mwizi arobaini, husemwa.
Yeye alihesabu safari:
ilikuwa ya thelathini na moja
alipokuja Pocock wa forodha, kwa baiskeli,
suruali imebanwa kwa vibanio, pua inachuruzika.
Akayatikisa maua, shada kwa shada,
akayaomba radhi karibu.
Akapiga magoti, akachungulia chini ya viti.
Hakuna kitu. Aubrey akamwashia sigara.

Akafunga mkoba wake. Akatazama mkononi,
akaigongagonga saa yake ya kabla ya vita.
"Imekufa tena," akasema. "Enid, saa ngapi?"

Nikapandisha mkono wa ovaroli.
"Kumi na dakika saba."

Hakunishukuru.
Alikuwa anatazama kifundo cha mkono wangu,
grisi, kisha dhahabu, kisha grisi.
Na katika kimya kile
bawa likaanza kusikika.

Aliomba daftari. Akalamba kidole,
akatoa kwenye vumbi la bawa, taratibu, kama mtoto wa shule:
ishirini na tano, toa kumi na tisa.
Akaipigia mstari ile sita.

Aubrey alinyoosha mikono mwenyewe.
Pocock akaitazama ile ngozi,
akazirudisha pingu mfukoni.
Wakaondoka kwa miguu, baiskeli katikati yao,
na ukungu ukawameza kwanza miguu.

Saa yangu waliichukua: kielelezo namba nne.

Mahakamani waliniuliza kwa nini niliandika kumi na tisa.
Nikasema ndiyo hesabu iliyokuwepo.
Sikuulizwa kwa nini sikuifuta.
Penseli hufutika,
na raba ilikuwa mfukoni mwangu
wakati wote.